Kudidimia kwa Ardhi Laini Iliyowekewa Mzigo wa Awali

Kanuni ya msingi
Udongo wa mfinyanzi uliojaa maji hupitisha maji polepole sana. Ukirundika tuta juu yake, mzigo hubebwa kwanza na maji yaliyo kati ya chembe za udongo. Kadiri maji yanavyotoka, mzigo huhamia kwenye chembe, chembe husogeleana, na ardhi hudidimia. Karl Terzaghi alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1925.

Ndiyo maana wahandisi huweka tuta kabla ya kujenga: ardhi ididimie sasa, si baada ya nyumba kukamilika. Ikididimia baadaye bila usawa, kuta hupasuka na mabomba hukatika.

Mfano 1: Muda gani?
Muda hutegemea mraba wa umbali ambao maji husafiri ili yatoke. Tuseme tabaka la mfinyanzi lina unene wa mita 8 na maji hutoka juu tu, kwa miaka 16. Kukiwa na mchanga chini pia, umbali mrefu zaidi ni mita 4, yaani nusu. Muda unakuwa robo: miaka 4. Kwa sababu hiyo hiyo huchimbwa mashimo wima yaliyo karibu karibu na kujazwa mchanga. Maji husafiri umbali mfupi tu kuyafikia.

Mfano 2: Tuta liondolewe lini?
Jengo litadidimiza ardhi sm 50. Tuta zito zaidi ya jengo lingeidhimisha sm 75 mwishowe. Ardhi ikifikia sm 50, tuta limefanya 50 ÷ 75, yaani takriban 67% ya kazi yake. Hapo linaweza kufikiriwa kuondolewa.

Angalia mtego
Asilimia 67 ni wastani. Katikati ya tabaka, mbali na njia za kutokea maji, kanieneo ya maji bado iko juu. Tena, hata maji yakishatulia, chembe huendelea kujipanga taratibu kwa miaka mingi. Mzigo wa awali hupunguza kudidimia kwa baadaye, hauufuti.

Mfano halisi: Kansai, Japani
Uwanja wa ndege wa Kansai ulifunguliwa mwaka 1994 kwenye kisiwa kilichojengwa baharini, karibu na Osaka. Tabaka laini la juu, lenye unene wa takriban mita 20, liliwekewa nguzo za mchanga na likadidimia mapema. Lakini chini yake kuna mfinyanzi wa kale, mnene sana, ambao nguzo hazikuufikia. Kisiwa hicho kimedidimia zaidi ya mita 10 tangu ujenzi uanze, na bado kinaendelea. Nguzo za jengo la abiria huinuliwa kwa jeki ili sakafu ibaki sawa.

Swali
Baada ya miezi sita tuta linadidimia polepole kuliko mwanzo. Je, liondolewe?

Jibu
La, si kwa sababu hiyo pekee. Kasi hupungua siku zote kadiri maji yanavyotoka. Kwanza (a) linganisha vipimo vya kudidimia na kiwango kilichokusudiwa. (B) pima kanieneo ya maji katikati ya tabaka. (C) hakikisha hakuna tabaka jingine la mfinyanzi chini zaidi.