Jina na Mwenye Jina: Uhakiki wa Waombaji wa Mikopo katika Handeni na Korogwe

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, hutaka cheti cha kuzaliwa cha mwombaji kihakikiwe na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kusudi ni kuzuia mtu asichukue fedha kwa jina la mwingine.

Katika Handeni na Korogwe, waliko Wazigua, Wasambaa na Wabondei, majina mengi yana asili ya Kiarabu, nayo huandikwa kwa namna zaidi ya moja: Athumani na Othman, Hadija na Khadija, Ramadhani na Ramadhan. Masikioni mwa jirani hilo ni jina moja; daftarini ni watu wawili. Hivyo mkweli aweza kushukiwa, naye mjanja aliyenakili cheti cha mwenziwe herufi kwa herufi akapita bila kuulizwa.

Basi tahajia pekee haitoshi kumtambulisha mtu. Namba ya kitambulisho cha Taifa, iliyofungamana na alama za vidole, yafaa itangulie. Na maandishi ya jina yasawazishwe mapema, mtoto angali katika shule ya msingi.