Bei ya Kitabu cha Mchezo

Kazi yangu ni kujalidi vitabu, kwa hiyo Mörk Borg nilikipapasa kabla ya kukisoma. Ni mchezo wa Uswidi wa mwaka 2020: mmoja anasimulia, wenzake wanakuwa wahusika, dadu zinaamua. Maandishi yake yanapatikana bure kwenye intaneti. Anayelipa ananunua jalada gumu na ile njano kali. Watunzi wake wanastahili pesa hiyo!

Gharama ya pleti za kuchapia ni ileile, uchape nakala mia au elfu tano, ndiyo maana mtunzi mdogo mwenye nakala chache huuza ghali. Njia nyepesi ipo. Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa za miradi, ilipoanzisha Zine Quest, kampeni ya vijitabu vya michezo ya aina hii, mwaka 2019 ilitaka vijitabu vya A5, wino wa rangi moja. Pini mbili za stepla zinatosha, ila kingo zikatwe sawasawa. Hapo sina huruma.