Ukijutia Kazi Mpya, Usikimbilie ya Tatu

Msomaji wa Morogoro aliacha ualimu katika shule binafsi akaingia kwenye bima. Mshahara umepanda, lakini huu ni mwezi wa nne na usingizi hapati. Anauliza: aombe kazi yoyote itakayotokea mradi atoke hapo?

Jibu liko kwa panya. Mwaka 2014 Adam Steiner na David Redish wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walitangaza jaribio ambalo sichoki kulisimulia. Walitengeneza njia ya mzunguko yenye migahawa minne: wa cheri, wa ndizi, wa chokoleti, na mmoja wa chakula kisichotiwa ladha. Panya ana saa moja tu ya kujitafutia riziki. Akifika mlangoni husikia mlio. Ukiwa wa juu, foleni ni ndefu. Kila sekunde unashuka kidogo, mpaka chakula kidondoke. Akiondoka, foleni yake imekufa.

Mara mojamoja panya huruka foleni fupi, akakuta mbele yake foleni ya kukatisha tamaa. Hapo husimama, akageuza shingo na kutazama alikotoka. Watafiti walikuwa wakisikiliza seli za ubongo wake kwa nyaya nyembamba. Katika eneo ninaloliita gamba la juu ya macho, maana ndipo lilipo, seli zilirudia alama za kuingia mgahawa ule aliouruka. Alama za ladha ya chakula hazikujitokeza hivyo. Panya hakulilia cheri. Alililia uamuzi wake. Mwenzake aliyeamua vizuri, akapatwa na foleni mbaya kwa bahati tu, hakugeuka nyuma kiasi hicho.

Kisha huja pigo la pili. Panya mwenye majuto huikubali foleni ndefu ambayo siku nyingine angeipita, na chakula kikidondoka hukila harakaharaka aondoke. Ni abiria wa Kariakoo aliyeacha daladala yenye siti akitegemea ya nyuma itakuwa na nafasi zaidi. Ya nyuma inakuja imeshona. Anaitazama ile ya kwanza ikikata kona, halafu ananing'inia mlangoni mwa hii, wala hamuulizi konda inakwenda wapi.

Panya halipi kodi ya nyumba, lakini gamba hilo na sisi tunalo. Utafiti uliotoka mwaka 2004, ulioshirikisha Angela Sirigu wa Ufaransa, ulionyesha kuwa watu walioumia hapo huchukia wakishindwa kwenye bahati nasibu, ila ukiwaonyesha donge ambalo wangelipata kwa kuchagua vingine, hawajuti.

Na huo mwezi wa nne? Wendy Boswell na wenzake, mwaka 2005, waliwafuatilia mameneja waliohama kazi: kuridhika kulipanda walipoingia, kisha kukashuka. Kushuka huko pekee hakuthibitishi kwamba ulikosea.

Kwa hiyo, mwalimu, barua ya kuacha kazi iache kwanza. Orodhesha yanayokukera bima, na pembeni yale yaliyokukera shuleni, maana hayo umeanza kuyasahau. Mpigie mkuu wako wa zamani wiki hii umuulize kama nafasi yako imejazwa. Kazi ya tatu usiisaini kabla hujapata jibu lake.