Mfereji au Mkondo? Istilah na Asili ya Njia za Kale za Mirihi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wanasayansi wanavyofasiri asili ya njia za kale zilizochongeka katika sayari ya Mirihi, na kubainisha kwa nini suala hilo linamhusu pia mwanafunzi wa Kiswahili.

Mnamo mwaka 1877, mwanafalaki Giovanni Schiaparelli wa Milan aliichora Mirihi ikiwa na mistari aliyoiita canali. Neno hilo la Kiitaliano hutaja njia ya maji ya kimaumbile na vilevile iliyochimbwa. Wafasiri wa Kiingereza waliteua maana ya pili, na maana hiyo ikadai mchimbaji. Mmarekani Percival Lowell alitetea hadi kufa kwake mwaka 1916 kwamba mistari ile ilikuwa kazi ya viumbe wenye akili.

Mistari hiyo ilikuwa mazigazi tu. Hata hivyo, picha za chombo cha Mariner 9 za mwaka 1971 na 1972 zilifichua njia nyingine, za kweli, zenye urefu wa mamia ya kilomita. Je, zilichongwa na nini? Wataalamu wengi hutaja maji, kwa kuwa baadhi zina matawi yanayoungana kama ya mto. Aidha, mwaka 2012 chombo cha Curiosity kilikuta huko kokoto zilizolainishwa na maji. Wengine hutaja lava, kwani lava nyepesi nayo huweza kuchimba njia.

Mfano wa Kenya unatufaa hapa. Uwanda wa Juu wa Yatta, wenye urefu wa takribani kilomita 300, ni lava iliyotiririka katika bonde la mto zaidi ya miaka milioni 13 iliyopita. Lava iliganda, ardhi laini ya kandoni ikamomonyoka, na lililokuwa bonde likawa mwinuko. Mwamba wake ni wa lava, lakini umbo lake lilitokana na mto. Huko Mirihi, njia ya Athabasca Valles imefunikwa na lava, ilhali wataalamu wengi huamini kwamba ilichongwa na mafuriko. Kwa hiyo, kinacholala ndani ya njia si lazima kiwe ndicho kilichoichonga.

Basi tuziiteje njia hizi? Mkazi wa Mukumu hauiti Mto Yala mfereji, kwani hakuna aliyeuchimba. Isitoshe, kwa Wakenya wengi mfereji ni bomba la kutekea maji. Nalo jina "mto wa kale" huamua hoja kabla ya ushahidi kusikilizwa. Neno mkondo linafaa zaidi: hutaja kitu kinachopita bila kulazimisha kiwe maji. Mwanaistilahi hana budi kukumbuka kwamba kuteua jina ni kuteua maelezo. Kosa la canali liliipotosha dunia kwa miongo mingi. Kiswahili hakina haja ya kulirithi.