Kibarua kikiota nyasi, hasara ni kiasi gani?

Mtu akipunguzwa kazi, ndugu na jamaa humpigia hesabu ya harakaharaka. Alikuwa analipwa shilingi laki nane kwa mwezi, amekaa nyumbani miezi mitano, basi amepoteza milioni nne. Siku akipata kazi nyingine watu wanamshukuru Mungu, na habari inaishia hapo.

Hesabu hiyo inaacha nje sehemu kubwa zaidi ya hasara. Walioonyesha hivyo kwa takwimu ni wachumi watatu wa Marekani, Louis Jacobson, Robert LaLonde na Daniel Sullivan, katika utafiti wao wa mwaka 1993 kuhusu wafanyakazi wa jimbo la Pennsylvania. Katika miaka ya 1980 viwanda vya chuma vya jimbo hilo vilikuwa vinakufa. Kiwanda cha Homestead, karibu na Pittsburgh, kilichokuwa kimelisha vizazi kadhaa, kilifungwa mwaka 1986. Mitaa iliyokuwa ikiishi kwa kufuata zamu za kiwanda ilibaki na watu wazima wenye familia, wenye ujuzi wa miaka mingi, na wasio na pa kuupeleka.

Watafiti hao hawakupita nyumba kwa nyumba wakiuliza maswali. Walitumia kumbukumbu za mishahara ambazo waajiri walizipeleka serikalini kila robo mwaka kwa ajili ya bima ya ukosefu wa ajira. Wakawachukua watu waliokuwa wamekaa kwa mwajiri mmoja kwa miaka sita au zaidi, kisha wakawalinganisha waliotoka kazini na wale waliobaki.

Ulinganisho huo ndio uti wa mgongo wa kazi yao. Kupima mshahara wa leo dhidi ya ule wa mwisho kabla ya kuachishwa hakutoshi, kwa kuwa mtu angebaki kazini huenda angepandishwa daraja na kuongezewa posho. Kinachotakiwa kujulikana ni kipato ambacho angekuwa nacho leo kama asingetolewa, na hicho hakuna hati ya mshahara inayokionyesha. Wenzake waliobaki ndio wanaosaidia kukikadiria.

Kulikuwa na mtego mwingine wa kukwepa. Mwajiri akimwondoa mtu mmoja, pengine amemchagua kwa uzembe au kwa ugonjwa, na kipato cha mtu huyo kingeshuka hata kama angeachwa pale alipo. Kwa hiyo watafiti waliwatazama kwa makini waliotoka katika makampuni yaliyopungukiwa asilimia 30 au zaidi ya wafanyakazi wake. Panga likipita namna hiyo, hodari na mvivu wanaondoka pamoja.

Matokeo yalisikitisha. Miaka sita baada ya kutolewa, watu hao walikuwa bado wanapata pungufu ya asilimia 25 hivi ya kipato chao cha zamani kila mwaka. Kwa mtu wa mshahara wa shilingi milioni moja, hiyo ingekuwa laki mbili na nusu kila mwezi, milioni tatu kwa mwaka. Na hasara ilianza kuonekana miaka mitatu hivi kabla ya siku ya kuondoka. Bila shaka wengi wa wasomaji wanaijua hali hiyo: saa za ziada zinafutwa, watu wanapewa likizo wasizoziomba, nyongeza inaahirishwa hadi mwakani, kisha barua inafika.

Hata waliopata kazi katika makampuni yanayofanana na yale ya zamani walipoteza. Ujuzi wa mashine fulani, heshima ya kuwa mkongwe, kujua nani anaamua nini, mwajiri aliyekuwa akilipa vizuri kuliko wengine: vyote hivyo havisafiri na mtu.

Ukubwa wa jeraha hutegemea pia wakati na mahali. Mwaka 2011 Steven Davis na Till von Wachter walikadiria kwamba wanaume wa Marekani waliopunguzwa kwa wingi wakati ukosefu wa ajira ulipokuwa chini ya asilimia 6 walipoteza, kwa jumla ya miaka 20 iliyofuata, kipato cha mwaka 1.4. Ukosefu ulipozidi asilimia 8, hasara ilifika miaka 2.8. Ulaya nako, wanaopoteza kazi Denmark na Sweden huumia kwa kiasi kidogo, ilhali wale wa Italia, Hispania na Ureno hupata hasara ya karibu mara tatu ya hiyo, hasa kwa sababu huchelewa sana kupata kazi tena au hawaipati kabisa.

Baadhi ya gharama haziandikwi kwenye mshahara. Von Wachter na Sullivan walirudi Pennsylvania na kuunganisha kumbukumbu za kazi na za vifo. Utafiti wao wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kwa wanaume waliokuwa wakongwe kazini, uwezekano wa kufa uliongezeka kwa asilimia 50 hadi 100 katika mwaka uliofuata kuachishwa. Aliyetolewa akiwa na miaka 40 alikadiriwa kupungukiwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu wa maisha. Kanada nako, watoto wa kiume ambao baba zao walipoteza kazi kampuni zilipofungwa walikuja kupata, walipokua, kipato cha chini kwa asilimia 9 hivi kuliko wenzao.

Zamani zaidi, watafiti wa Austria walipima athari za kukosa kazi kwa njia nyepesi ya ajabu. Katika kijiji cha Marienthal, ambacho karibu kila familia ilitegemea kiwanda kimoja cha nguo kilichofungwa, walijificha na saa mkononi wakitazama watu wakipita barabarani. Wanawake, waliokuwa bado na nyumba za kuendesha, walipita upesi. Wanaume walikwenda polepole na kusimamasimama. Maktaba ya kijiji ilikuwa imefuta ada ya kuazima vitabu, na wasomaji walikuwa na siku nzima mikononi mwao, lakini uazimaji ulipungua sana. Kitabu cha utafiti huo kilitoka mwaka 1933.

Kwa Afrika Mashariki, sheria hupima kwa kutazama nyuma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 iliweka kiinua mgongo cha chini kuwa mshahara wa siku saba kwa kila mwaka wa utumishi, kwa miaka isiyozidi kumi. Yaani aliyetumika miaka 20 anahesabiwa siku 70. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ilitaja siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kwa wanaopunguzwa. Viwango hivyo vinashukuru utumishi uliopita. Miaka ya kipato kidogo iliyo mbele havijaigusa.

Kuipima miaka hiyo huku kwetu ni kazi ngumu kuliko Pennsylvania. Mifuko ya hifadhi ya jamii ina kumbukumbu za michango ya kila mwezi, ambazo ni malighafi nzuri sana. Lakini karani aliyeachishwa akafungua genge, au fundi wa kiwanda aliyegeuka dereva wa bodaboda, michango yake inakoma na katika kumbukumbu hizo anaonekana kama asiyepata hata senti. Maswali machache ya ziada katika tafiti za kaya, kwamba mtu alikuwa akifanya kazi gani hapo awali, aliiacha kwa nini na ilimlipa kiasi gani, yangewarudisha watu hao kwenye hesabu.