Kwenda haja ndogo kila mara huenda kukawa ishara ya kibofu kilicholegea

MTU anapoenda msalani mara kwa mara, usiku na mchana, aghalabu hudhani ameambukizwa maradhi ya njia ya mkojo au kibofu chake kinafanya kazi kupita kiasi.

Hata hivyo, huenda tatizo likawa kinyume cha hayo: kibofu kimelegea, hakimalizi mkojo, na kwa hivyo hujaa tena upesi.

Kibofu cha mtu mzima huhifadhi takriban mililita 400 hadi 500 za mkojo. Kinapojaa, neva hupasha ubongo habari, kisha msuli wa kibofu hujikaza na kuusukuma mkojo nje. Kwa mwenye tatizo hili, msuli hujikaza kwa nguvu hafifu au kwa muda mfupi mno.

Dalili zake ni mkojo kuchelewa kuanza, kutoka polepole au kwa kukatikakatika, mgonjwa kulazimika kukaza tumbo ili utoke, na kuhisi kwamba mwingine umesalia. Wengine huvujwa na mkojo bila kujua, ilhali baadhi hawahisi haja hata kibofu kikiwa kimejaa.

Ugonjwa wa kisukari ni miongoni mwa visababishi vikuu, kwani huharibu neva. Vingine ni uzee, majeraha ya uti wa mgongo, ugonjwa wa Parkinson, na tezi ya kibofu iliyovimba na kuziba njia ya mkojo kwa miaka mingi. Aidha, baadhi ya dawa za mzio, za sonona na za kutuliza maumivu makali huudhoofisha msuli huo.

Hatari iko katika kukisia. Dawa zinazopewa wenye kibofu kinachojikaza kupita kiasi hulegeza msuli, na mwenye kibofu dhaifu akizitumia anaweza kushindwa kabisa kukojoa. Mkojo unaosalia nao hukuza viini, na ukirudi nyuma huharibu figo.

Ndiposa kipimo cha ultrasaundi, kinachofanywa mara tu mgonjwa anapotoka kukojoa, ni muhimu. Huonyesha kiasi cha mkojo kilichobaki, wala hakina uchungu.

Hadi sasa hakuna dawa ya kutegemewa ya kuurejeshea msuli huo nguvu. Mgonjwa hushauriwa kukojoa kwa saa maalumu, kungoja kidogo kisha kujaribu tena, na kuepuka kufunga choo.

Wanaosalia na mkojo mwingi hufunzwa kujitoa wenyewe kwa mpira mwembamba safi mara kadhaa kwa siku, mbinu iliyoenezwa na Dkt Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kuanzia 1972.

Anayeshindwa kabisa kukojoa huku tumbo likimuuma hapaswi kungoja kesho. Anafaa kufikishwa hospitalini mara moja.