Sakshi Malik na Viatu Juu ya Meza

Katika vijiji vya Haryana, kaskazini mwa India, mieleka ilihesabiwa kuwa mchezo wa wanaume. Sakshi Malik, binti wa kondakta wa basi, aliingia ulingoni akiwa na umri wa miaka 12, na mkufunzi wake akalaumiwa na wenyeji kwa kuwafunza wasichana.

Huko Rio, mwaka 2016, alikuwa nyuma kwa alama 5 kwa bila mbele ya Aisuluu Tynybekova wa Kirgizia. Akamshinda 8 kwa 5, akawa mwanamke wa kwanza wa India kupata medali ya Olimpiki katika mieleka.

Nasi twamheshimu zaidi kwa yale ya mwaka 2023. Yeye na wenzake, akiwemo Vinesh Phogat, walilala kando ya barabara mjini Delhi wakidai haki, kwa kuwa rais wa shirikisho lao alituhumiwa kuwanyanyasa wanamieleka wa kike kijinsia. Mwenyewe alikana. Mwezi Desemba mshirika wake akachaguliwa kushika nafasi yake. Siku hiyo hiyo Sakshi, huku akilia, aliviweka viatu vyake vya mieleka juu ya meza mbele ya waandishi wa habari, akatangaza kwamba ameuacha mchezo. Alikuwa na miaka 31.